Kochi la Mwenye Duka

Krii. Kochi liligumia gizani, likanyamaza, likagumia tena.

Mama Chiriku alifumbua macho. Kichwa chake kilikuwa chini ya meza, miguu imekunjwa ukutani, na mwanawe Chiriku amemlalia mkono mpaka umekufa ganzi. Chumba chao kimoja kilizoea sauti ya matone ya paa yakidondokea ndoo, si sauti hii.

"Mama, ni wewe?" alimwuliza mama yake mzazi.

"Nalijaribu tu," bibi yake Chiriku alijibu. "Lisije likamwangusha mgeni wa watu."

Mgeni mwenyewe alikuwa mkaguzi wa ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Asubuhi hiyo angepita mtaani kwao, nyumba kwa nyumba, aone kwa macho yake nani kati ya walioomba mkopo hana uwezo kweli. Mama Chiriku alikuwa mmoja wao. Mchana alifua nguo za watu, jioni akaenda darasani, mtoto mgongoni, na baadaye mtoto chini ya dawati, mpaka chuo cha ualimu kikamwita. Ufadhili wa wasichana ulimkataa kwa sababu ana mtoto. Ufadhili wa akina mama ulimkataa kwa sababu ulitaka saini ya mume. Ukabaki mkopo. Mkopo ukikosekana, na chuo ndiyo basi.

Jana yake bibi alikwenda kwa jirani mwenye duka kuomba kiti kimoja.

"Kiti kimoja?" jirani alicheka. "Mgeni wa serikali huyo! Chukueni kochi. Chukueni na pazia. Televisheni je?" Kijana wake, ambaye naye alikuwa ameomba mkopo, akavibeba vyote mwenyewe, jasho likimtiririka. Jirani akaongeza, "Ila nguo ya kuazima haisitiri matako, mama. Msije mkalikalia mpaka mkalizoea!"

Walipobaki wenyewe, Mama Chiriku alisema, "Mama, huyu anakuja kuona shida zetu. Tumwache azione."

"Shida ni zetu, yeye ni mgeni. Tangu nimekuzaa umeniona nikimkalisha mgeni kwenye ndoo? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaificha ndoo ya matone nyuma ya pazia.

Mama Chiriku hakubisha tena. Ukweli ni kwamba pazia lile lilimpendeza. Alilitazama mpaka taa ikazimwa.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa. Alikaa, kochi likamstahimili. Bibi akamfungulia soda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, hapa ni kwako."

"Maisha yanakwendaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Hatujapungukiwa."

Ndivyo alivyomjibu kila mtu maisha yake yote. Hata wiki aliyomzika mumewe alijibu hivyo hivyo.

"Hamjapungukiwa," mkaguzi alirudia polepole, kidole kikitembea juu ya simu.

"Bwana mkaguzi," Mama Chiriku alianza, "vitu hivi unavyoviona..."

Mama yake akakohoa. Alikohoa kidogo tu. Amevaa gauni lake moja zuri, mikono juu ya magoti, shingo imenyooka. Sentensi ile ikimalizika, mama huyu atakuwa mwongo mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Vitu hivi vina nini?" mkaguzi aliuliza.

"Vina vumbi," alisema Mama Chiriku. "Utusamehe."

"Na mashati yale kwenye kamba? Kuna mwanamume hapa?"

"Ya wateja. Mimi ni dobi."

"Kumbe una biashara."

"Biashara gani, kaka yangu! Nafua kwa mikono hii, wengine hata hawalipi..."

"Dada, mimi nimetumwa na macho. Masikio sikutumwa nayo." Akasimama, bibi naye akasimama; mkaguzi akarudi nyuma mpaka mlangoni, akapiga picha.

Chiriku hakutoa sauti. Mtoto huyo, aliyepewa jina la ndege kwa kupayuka kwake, alikuwa ameahidiwa pipi akinyamaza na kofi akiligusa kochi. Alizipata pipi mbili.

Jioni kochi likarudi kwa mwenye duka. Ndoo nayo ikarudi mahali pake.

Majibu yalikuja kwa simu, mstari mmoja: kaya yako ina uwezo. Mama Chiriku alikuwa bado ameishika simu kwa mkono wenye povu pale vigelegele vilipopasuka upande wa dukani. Kijana wa mwenye duka alikuwa amepewa mkopo wote, hadi hela ya vitabu.

"Mkaguzi aliingia akakuta sebule tupu!" mwenye duka aliwasimulia wateja. "Hata pa kukaa hakupata, masikini. Alituonea huruma!" Kisha akamwona Mama Chiriku mlangoni, na kicheko kikamkauka. "Na wewe, jirani? Kheri?"

"Hongera, jirani," alisema Mama Chiriku. Akanunua sabuni ya kipande, akaondoka.

Siku hiyo bibi hakugusa chakula. "Nilimheshimu tu," alisema, akiuelekea ukuta.

Kwenye ofisi ya mikopo, Mama Chiriku akiwa na mwanawe kando, karani alimgeuzia kompyuta dirishani.

"Hili ni nini?"

"Kochi, dada."

"La nani?"

"La jirani. Tuliliazima kwa ajili ya mgeni."

Karani alicheka, wala si kwa ubaya. "Kila anayekosa mkopo, kochi lake huwa la jirani. Nani anaazima utajiri siku ya kukaguliwa umaskini?"

"Mama yangu alitaka tu..."

"Rufaa ipo. Unalipia ada, mkaguzi anarudi kwako."

"Lini?"

"Vyuo vikishafunguliwa. Atakuja yule yule, si anaijua nyumba?" Akanyoosha shingo kutazama foleni. "Anayefuata!"

Mtu wa nyuma alikwishaegemeza kiwiko dirishani. Mama Chiriku hakusogea. Picha ilikuwa bado wazi: pazia, televisheni, bibi amesimama wima akitabasamu kama mwenye mali, kochi pana limekaa tupu. Na pembeni, kwenye sakafu ya saruji, Chiriku amekunja miguu, midomo ameibana.

Mtoto alijiinua kwa ncha za vidole, akashika ukingo wa dirisha, akajiona pichani. Leo hakuna aliyemwahidi pipi.

"Nyumbani sisi tunakaa chini," alisema.