Mifuko Miwili ya Barafu

Daktari Alifiya aliandika namba ya kwanza ya joto la maiti saa sita mchana, nyuzi thelathini na mbili, na ya pili saa saba, thelathini na moja na nusu. Joto la chumba lilikuwa ishirini na tisa. Akapiga hesabu juu ya meza ya chakula, na Hajra, aliyesimama nyuma yake, akatamani asingejua kusoma.

Lakini Hajra alikuwa mwalimu wa hesabu, na walimu wa hesabu wana maradhi yao: wakiona namba hawawezi kuipita hivi hivi. Hesabu hii aliifundisha kila mwaka kwa kikombe cha chai. Kitu cha moto hupoa haraka kinapozidi sana joto la mahali kilipo, na kadiri tofauti inavyopungua ndivyo kinavyopoa polepole. Ukishaijua kasi, unarudi nyuma mpaka kwenye joto la mtu aliye hai, na hapo unaipata saa aliyokufa.

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi," daktari alisema.

Askari wawili wakamgeukia Mzee Kamrudin, mwenye duka la jirani. Alfajiri Mlingotini nzima ilimsikia akigombana na marehemu Bwanausi kwa sababu ya ukuta wa uani, na sasa marehemu alikuwa na alama za vidole shingoni.

Bwanausi alikuwa baba wa kambo wa Hajra, na Hajra ndiye aliyemkuta kitandani saa nne, akadhani ni moyo. Ndugu wa Miono walikuwa njiani na jua lilikuwa kali, basi akafanya wanavyofanya watu wanaoishi kwa samaki: akamwekea mifuko miwili ya barafu chini ya shuka, mmoja tumboni, mwingine ubavuni. Saa tano na nusu, walipoingia waosha maiti, akaiondoa. Hao waosha ndio walioiona shingo. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari ya barafu, na barafu yenyewe ilishakuwa maji uani.

Kwa hiyo daktari alikuwa amehesabu kana kwamba marehemu alilala katika joto la chumba asubuhi nzima. Hajra alirudia hesabu kichwani, akaitia ile saa moja na nusu ya baridi. Jibu likaja saa tatu, au saa tatu na kitu. Akarudia tena, akimwomba Mungu awe amekosea, yeye ambaye hukasirika mwanafunzi akikosea. Ikaja saa tatu ile ile.

Saa tatu alipita hapo akienda sokoni, akaiona pikipiki ya Mikdad mlangoni. Mikdad, mdogo wake wa tumbo moja, aliyewaambia askari kwamba tangu alfajiri alikuwa mnadani Bagamoyo akinunua samaki.

Hajra alimtazama, pale aliposimama karibu na mlango. Mikdad akamsogelea, akanong'ona, "Dada, nyamaza. Mzee Kamrudin ana watoto Dar, watamwekea wakili. Mimi nina wewe tu."

Hajra aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliiogopa mikono ile, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha kushika kalamu.

Askari walimshika Mzee Kamrudin. Kiatu kilimtoka, akawa anakitafuta kwa vidole vya mguu, na hakuna aliyemsaidia.

"Daktari," Hajra alisema, "nilimwekea barafu. Saa nne mpaka saa tano na nusu."

Daktari Alifiya alipiga mstari juu ya ukurasa wote. Akauliza ilikuwa mifuko mingapi na iliwekwa wapi, akaanza upya. Kisha akainua kichwa.

"Siwezi kutaja dakika, Mwalimu, lakini ni karibu na saa tatu. Nani alikuwa humu ndani saa tatu?"

"Dada," Mikdad aliita, kwa sauti aliyokuwa akimwitia utotoni alipoogopa kwenda chooni peke yake.

"Pikipiki ya mdogo wangu ilikuwa mlangoni," Hajra alisema, na hakuthubutu kumtazama tena.