Mdomo wa Ujirani Mwema

Wizarani walimwita Mdomo, naye hakuchukia. Alikuwa mkalimani: bosi aseme, yeye ageuze, mgeni ajibu, yeye arudishe. Kazi hiyo ina sheria moja, na aliishika kama sala. Hakuna kusema "anasema." Unasema "mimi," unasema "sisi," kana kwamba maneno umeyatunga mwenyewe. Ukipewa tusi unalitoa kama lilivyo, ulimi hauna mfupa.

Lugha ya nchi jirani hakuisomea darasani. Alifundishwa na mumewe jikoni, wakimenya vitunguu na kuchekana matamshi. Mume alikuwa mwalimu huko kwao, akasema mkutanoni jambo lililowachoma wakubwa, akavuka mpaka na nguo alizovaa tu. Sasa alikuwa fundi redio, na tangu wapate watoto wawili kwa mpigo mtaa mzima ulimjua kwa jina la Baba Pacha. Wizarani hakuna aliyeuliza Mdomo kajifunzia wapi, naye hakujipeleka kusema.

Asubuhi hiyo ujumbe wa jirani ulikuja kutia saini mkataba wa usalama wa ndani. Bosi wake Mdomo, mtu mnene mpenda semi, alifungua kwa bashasha. "Fimbo ya mbali haiui nyoka! Mwizi wa jirani ni mwizi wangu." Mdomo akageuza, wakacheka pande zote mbili. Doria za pamoja zikapita. Taarifa za wahalifu kupelekwa bila kuchelewa, zikapita.

Kikafika kipengele cha watu wanaotafutwa. Kiongozi wa wageni, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, alikisoma kwa lugha yake. Mdomo akageuza: "Tukamatiane na tukabidhiane, bila kupita mahakamani." Alijisikia akisema hivyo.

"Tumekubali," bosi alisema, wala hakumeza mate. "Tuanze na nani?"

Mgeni akatabasamu, akajibu kwa lugha yake. "Yupo fundi redio mtaa wa kituo cha zamani. Wanamwita Baba Pacha. Nipeni huyo leo."

Watu wazima, suti na tai, wamekaa wanamngoja yeye amtoe mumewe kwa kinywa chake! Jamani, mtu afanyeje hapo? Akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Tulikuwa tunamtafuta fundi redio mmoja," alimwambia bosi, "lakini tumepata habari amefariki. Jalada lake tunalifunga."

"Loo, poleni," bosi akasema. "Mungu amlaze mahali pema."

Mdomo akamgeukia mgeni, akamwambia kwa lugha ya kwao: "Huyo mtampata leo, msiwe na shaka." Alichotaka ni kitu kimoja tu, mkutano ufike chai, apige simu, Baba Pacha abebe watoto akimbie kwa mara ya pili. Mgeni akaitikia kwa kichwa. Saini zikatiwa, makofi yakapigwa.

Wakati wa chai alichomoka hadi mwisho wa korido, simu mkononi. Mtu akamgusa bega. Alikuwa yule mgeni mwembamba, ameshika kikombe chake. Akaanza kuongea, na si kwa lugha ya kwao. Aliongea lugha ya Mdomo, safi kabisa, kama mtu aliyezaliwa mtaa wa pili.

"Mkalimani huwa naomba kwa ajili ya itifaki tu," alisema. "Mimi nimekulia huku."

Mdomo akaificha simu mgongoni.

"Pole kwa msiba, Mama Pacha," mgeni akasema kwa sauti ileile ya kubembeleza. "Jioni tutakuja nyumbani kutoa rambirambi."