Mpira Ambao Haupo

Armel, mpenzi wangu, ndiye aliyenifundisha kukata mpira kwenye meza ya biliadi, yaani kuugonga pembeni uingie shimoni. Aliweka mpira wa akiba nyuma ya ule mwekundu, ukiugusa, yote miwili imeelekea shimo. Aliniacha niutazame mpaka nikereke, kisha akauondoa.

"Sasa piga ile haiko," alisema.

Maana yake mpira mweupe ufike palepale ulipokuwa ule wa akiba, na mwekundu utajua njia. Halafu aliongeza, "Ongeza kidogo kwa ukuta," kwa sababu sakafu ya baa yangu hapa Gahanga imeinama kuelekea mlangoni, na mpira ukipigwa polepole huvutwa huko, hivyo lazima ulenge zaidi upande wa pili, wa ukutani. Akaweka kidole kwenye kitambaa cha meza kunionyesha pa kulenga. Nimekigonga kidole kile mara nyingi, mara nyingine kwa makusudi.

Kisha alikwenda Bujumbura kumwona mama yake, na mpaka wa nchi zetu ukafungwa nyuma yake. "Nitafika, chérie," hunitumia sauti kwenye simu. Wenye ndimi wananiambia anayetaka kuja huzunguka kupitia Tanzania. Najua! Wanadhani sijui ramani?

Conrad haulizwi ramani. Alikulia Karagwe, hukohuko Tanzania, anauza mbao Kicukiro, na kila Jumamosi mchana huja kufungwa na mimi bila kununa. Ameomba kunioa, nikamwambia nitamjibu. Hajanisukuma hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka sokoni na ndizi zangu, nikamkuta amepiga magoti kando ya meza, pima maji mkononi. Alikuwa amepachika kabari za mbao chini ya miguu ya upande wa mlango.

"Meza yako ilikuwa imeinama, Scovia. Sasa iko sawa kabisa."

Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeleta mahari. Nilisema asante, maana mama yangu alinilea.

Tukacheza. Kila mpira niliokata ulikwenda kombo, na yote kombo lilelile, upande wa ukuta. Générose, anayenichomea brosheti za nyama pale mlangoni, aliacha makaa yake aje kushuhudia.

"Bosi, leo bamekuloga?"

"Geuza nyama zako," nikamwambia.

Ulibaki mwekundu mmoja karibu na kona. Nikainama, nikautafuta ule ambao haupo, nikaongeza kidogo kwa ukuta kama nilivyofundishwa.

"Usiongeze kitu," Conrad akasema taratibu. "Lenga hapa."

Akaweka kidole kwenye kitambaa. Kidole kinene, ukucha mweusi wa kugongwa na nyundo. Nilitaka kukipiga. Badala yake nikalenga alipoonyesha, akakiondoa, nikapiga.

Mwekundu uliingia bila hata kugusa ukingo. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kukata mpira vizuri namna ile, na nilifurahi, wallahi nilifurahi, mpaka nikakumbuka mlango. Armel angeingia saa ile aniambie niongeze kwa ukuta, angekuwa amekosea. Katika meza yangu mwenyewe, angekuwa mgeni.

Nikaiweka fimbo chini. Nikaipiga kabari ya kwanza kwa kisigino mpaka ikachomoka, na ya pili. Meza ikashuka kidogo. Mpira mweupe ukatikisika, kisha ukaanza kutambaa peke yake kuelekea mlangoni, ukagusa ukingo, ukatulia.

Conrad aliokota kabari zake, akazifuta vumbi kwa shati, akaziweka juu ya kaunta.

"Akirudi," akasema, "mwambie nilijaribu kuinyoosha."

Akachukua kofia yake ya pikipiki, akamuaga Générose, akatoka.

Jumamosi hii hakuja. Nimeusikiliza ujumbe mpya wa Armel, nitafika, chérie, na simu ikiwa bado sikioni nikasikia pikipiki ikipunguza mwendo barabarani. Nilikimbilia mlangoni. Ilikuwa ya mtu mwingine, na aliyenivunja moyo kwa kutokuwa juu yake hakuwa Armel.