Saa Isiyolijua Jua

Naegemea ukuta wa msikiti baada ya Alasiri, chini ya saa kubwa ya mbao, na macho yananilemea. Mimi ndiye muadhini, na saa hii ni amana yangu: kila jua linapotua naufungua mlango wake wa kioo na kuirudisha mishale kwenye kumi na mbili, kama walivyofanya walionitangulia. Leo ni Ramadhani, wingu zito limelifunika jua, na nyumbani mke wangu Bi Barke, mgonjwa wa sukari aliyekataa katakata kuacha kufunga, ameshika kikombe cha maji akiingoja sauti yangu. Nikichelewa ataanguka, nikitangulia nitaiharibu saumu ya mji mzima. Shekuwe, mfagizi wetu, ananicheka: Sheikh, saa yako hiyo imezeeka kukushinda, siku moja itakohoa. Nataka kumjibu, lakini kioo kinafunguka chenyewe, nami napita.

Njia ni nyeupe, haina mwisho, na kila nyumba ni kivuli cha nyumba inayoitazama, na kila mlango una saa, na hakuna saa mbili zinazokubaliana. Natembea, na njia inanirudisha nilikotoka, na natembea tena. Mtu asiye na uso ananishika mkono. Bwana, namuuliza, jua limetua? Ananijibu: Jua tuliliacha zamani, Sheikh, kwa kuwa hata dunia huyumba katika kuzunguka kwake. Ananiingiza katika chumba kisicho na upepo, na humo chembe za madini yaitwayo sesiamu, ndogo zisizoonekana, zimetulizwa kwa mwanga hadi zimekaribia kusimama, kisha zinarushwa juu na kuanguka, kama chemchemi isiyo na maji wala sauti. Wimbi kama la redio linazipitia: likiwa sawasawa, chembe zinabadili hali, likipotoka, hazijibu. Tunalirekebisha mpaka zijibu, anasema, kisha tunayahesabu mapigo yake, zaidi ya bilioni tisa, na hiyo ndiyo sekunde moja. Kwa miaka milioni mia haipotei hata sekunde. Subhanallah, nasema. Na yafaa nini? Anacheka bila mdomo. Simu ya mjukuu wako hujuaje ilipo? Vyombo vilivyo angani vinaipelekea wakati, nayo hupima wakati huo umekawia kiasi gani njiani. Tukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, msikiti wenu unahamia mtaa wa jirani. Basi niambie, nasema, Bi Barke anywe? Nitakuambiaje lini, Sheikh, nawe hujaniambia wapi? Nafungua kinywa niutaje mji wangu, na jina lake halimo.

Naukimbilia mnara, na mnara unarefuka, na katika kila dirisha namwona Bi Barke, kikombe mkononi, midomo imekauka, kichwa kinamwinamia. Panda, ananong'ona asiye na uso, ila saa iliyo juu hukimbia kuliko iliyo chini, kwa kiasi asichokihisi mwanadamu. Huko juu hutakuwa katika wakati wake. Mguu wangu uko kwenye ngazi. Nauondoa. Narudi mlangoni, nasimama juu ya udongo ule ule alioukalia Bi Barke, naweka mikono masikioni, naadhini.

Nafumbua macho. Shekuwe anatafuna tende. Leo umeadhini mlangoni, Sheikh, anasema, mnara umeuachia popo? Mishale ya saa iko kwenye kumi na mbili, nami sikuigusa. Nakwenda nyumbani mbio, pindo la kanzu mkononi. Bi Barke yu hai, ameketi kwenye mkeka, anajifuta midomo. Bwana wee, anasema, leo sauti yako imenijia karibu mno, kama umesimama hapa kizingitini. Alhamdulillahi, nasema, na ninakipokea kikombe. Dirishani ni wingu tupu. Lakini ndani ya kikombe, katika tone lililobaki, jua jekundu linang'aa, bado halijatua. Nataka kuinua macho nimtazame Bi Barke usoni, nami naogopa kuyainua: ama nimeiharibu saumu ya mji, ama bado sijaamka.