Mfalme wa Ndani ya Kabati

...na bado anacheka, shemeji yake, huyo anayejiita mwongozaji wa filamu, anacheka na mpiga picha wakiinamia kabati hili la nguo walilolilaza chali wakaliita jeneza la mfalme, na yeye ndani yake, mumia, maiti ya kale isiyooza, kaviringishwa shuka zilizochovywa katika chai ya rangi ili zionekane kongwe, kuanzia nyayo hadi taya, taya hasa, kwani dada yake alimfunga kinywa kwanza, kabla hajamaliza kudai beti zake zirudishwe filamuni, zile alizozichuja katika riwaya kongwe akazipima mizani miezi mizima, mfalme anapoamka na kumlilia mkewe aliyekwisha kuwa vumbi, na bila hizo filamu hii ni nini, ni matandiko yanayotembea...

“Shemeji, umelala humo?”

“Hajibu. Leo ndiyo mara ya kwanza kunyamaza,” asema mpiga picha, wakaangua kicheko, chekeni, na shemeji huyu ndiye aliyemghania harusini kwake, akamwita simba, simba gani, fisi mwenye kofia, lakini kamera ikiwaka atazitafuna shuka hizi, atazisema beti zote, wamkatize wakiweza... dada yake anainama, anashona ncha iliyofumuka shingoni.

“Kaka, usimchukie mume wangu. Maneno yako nimeyatoa mimi. Niliyasoma nikasinzia. Maiti ana haja gani na vina?”

...dada huyu, aliyesikiliza kila ubeti huku akimenya viazi, endelea kaka, endelea, kumbe alikuwa akimbembeleza kama mtoto mwenye homa, wala hawezi kumjibu, na chuki isiyopata mlango kinywani inateremka, mabegani, viwikoni, viganjani, na hapo anamwelewa mfalme, ambaye yeye mwenyewe alimwandikia uongo, mfalme hakuamka ili alie, aliamka akawakuta watu wake wakimgeuzageuza kama gunia, kilio kilikuwa cha mtunzi...

“Sasa sikiliza,” asema shemeji, ambaye ndiye anayeigiza pia profesa anayenyongwa na mfalme, maana mwigizaji wa kulipwa hawakumpata, “ukifika shingoni kwangu kaza kidogo, watu waamini.”

...waamini, naam, wataamini...

“Subirini, taa bado,” asema mpiga picha, na yeye anasubiri, chali, vidole vikijikunja na kujikunjua taratibu, na katika beti zote zile hakuna neno analolitaka tena.