Mkono Uliokataa Kuvimba

Nazaria alikuwa amewadanganya watu wote kwa neno moja tu, na sasa alikaa mbele ya mumewe akingoja kuona kama uongo ule utamuua.

Asubuhi mumewe, Ezequias, alipanda mkakao kukata matunda. Akashika tawi, akashika na nyoka wa manjano mwenye madoa ya kijani. Kitu kikamchoma kidoleni, akaporomoka chini akipiga mayowe, "Bokaraka! Bokaraka ameniua!" Na bokaraka hana mzaha. Katika bonde lote la Telire kila ukoo una mtu wake aliyezikwa kwa sumu yake.

Wakambeba hadi kibanda cha pembeni, maana aliyeumwa na nyoka halali na watu. Mjomba wake, mzee Celimo, ambaye ndiye mganga, akasimama mlangoni akauliza linaloulizwa siku zote: nani hapa ana mimba? Mwenye mimba akimtazama aliyeumwa, sumu hupanda hadi moyoni.

"Nazaria, wewe je?"

"Hapana, mjomba."

Ilimtoka tu. Mara mbili alishatangaza mimba, wakamnywesha chokoleti kwa shangwe, na mara mbili ikatoka. Safari hii aliapa kunyamaza mpaka tumbo lijitangaze lenyewe.

"Basi ingia umlishe. Ndizi za kuchemsha, na chumvi asionje."

Akaingia macho chini.

"Mbona huniangalii?" Ezequias akauliza. "Nimeshakuwa mbaya?"

"Ulikuwa mbaya tangu zamani. Kula."

Lakini utamlishaje mtu usiyemtazama? Akamtazama. Kisha akangoja, roho mkononi.

Mkono haukuvimba. Jua likapanda, kidole kikabaki kidole. Ezequias akaomba ndizi nyingine, akanung'unika kuhusu chumvi. Nazaria alishukuru, lakini shukrani hiyo haikudumu. Kama mimba hupandisha sumu, na sumu haijapanda, mimba iko wapi? Akajipapasa tumbo chini ya gauni. Bado ilikuwa mapema mno kuhisi chochote. Imetoka tena, safari hii kimyakimya? Au mjomba na wazee wake wote wamekosea? Au yeye hakuwa na mimba tangu mwanzo? Hakujua ashike lipi. Akautazama ule mkono na, Mungu Sibö amsamehe, akaomba uvimbe. Kidogo tu, usimuue. Papo hapo akaona haya, akaomba usivimbe, halafu hakujua tena anaomba nini.

Nje kukasikika vicheko. Mzee Celimo alikuwa amerudi kwenye mkakao kumsaka nyoka, na sasa alikuja naye juu ya fimbo, akiwa hai.

"Huyu ndiye bokaraka wako?"

Nyoka alikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, macho yamemtoka. Kinywani alikuwa na konokono, akimvuta taratibu kutoka kwenye gamba lake, wala hana habari na mtu.

"Bokaraka hali konokono. Huyu kazi yake ni hiyo tu, sumu hana hata ya kuua nzi. Lete kidole." Akakiminya, ukatoka mwiba mweusi wa pejibaye, mti wa miiba uliosongamana na mkakao ule. "Umeumwa na mti, mpwa wangu."

Majirani wakavunjika mbavu. Nazaria peke yake akaangua kilio. Sumu haikuwapo, basi mkono ule haukuwa umesema lolote kuhusu tumbo lake.

"Mume kapona, unalia nini?"

"Nilidanganya, mjomba. Nina mimba. Nadhani bado ninayo."

Kicheko kikakatika. Mzee akamtazama yeye, akamtazama nyoka, akamtazama Ezequias aliyebaki mdomo wazi na ndizi mkononi.

"Toka nje."

"Lakini mjomba, si umesema hana sumu?"

"Nimesema. Toka!"

Nazaria akatoka polepole, mikono tumboni, machozi yakimtiririka. Mlangoni akageuka, akitamani kusikia mtu mwingine akilisema.

"Eti nani hakai humu, mjomba?"

"Mwenye mimba!" mzee akafoka.