Kengele ya Jumamosi

Watoto wa siku hizi hawajui kutulia, na hilo nitalisema hata mbele ya wazazi wao. Lakini tangu waache kuja kwangu, Jumamosi zimekuwa ndefu ajabu.

Serikali ilipokawia kutuma pesa za shule, walimu walioajiriwa na halmashauri ya shule waliambiwa waende nyumbani. Watoto wa hapa Ndabibi wakabaki kuchunga ng'ombe. Tukajitolea watatu kuwafundisha bure kanisani: Khaemba, Lynn, na mimi Thuo, mwalimu mstaafu niliyefiwa na mke. Lynn akapata kazi Nakuru. Khaemba akahamia Gilgil. Nikabaki na hisabati, sayansi, Kiingereza na kelele zote.

Nje ya kanisa inaning'inia rimu kuukuu ya lori. Huku kwetu ikigongwa, ni moto au ng'ombe wameibwa, na kila mtu hukimbia. Kwa hivyo tulikubaliana na majirani: Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nikigonga, ni masomo. Nilikuwa nikigonga tu, vumbi linatimka, Chepkirui mbele ya wote, viatu mkononi.

"Mwalimu, leo unatuua na hesabu gani?"

Mchokozi sana msichana huyo. Nilimpenda.

Kisha pesa zikaja, walimu wakarudi. Mzee wa kanisa akatangaza kwamba masomo yangu yamekwisha na kengele imerudi kuwa ya hatari tu, watu wakanipigia makofi. Nilifurahi kwa ajili ya watoto, kweli. Nikaenda nyumbani, na wiki hiyo nzima hakuna mtu aliyenisemesha.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikafagia kanisa, nikapanga viti, nikaandika hesabu ubaoni. Nikajiambia, hata akija Chepkirui peke yake, yatosha. Nikagonga.

Wakaja watu wazima. Wakaja na ndoo na majembe na rungu, Odero wa posho mill akiwa bado mweupe kwa unga.

"Moto uko wapi, mwalimu?"

Nimeongea mbele ya watu maisha yangu yote, na hapo nikaitazama rimu.

"Nilikuwa najaribu tu kama bado inalia," nikasema.

Odero akasema huyu mzee ameanza kuchanganyikiwa. Wengine wakacheka, wakageuka. Mzee wa kanisa akachukua kile chuma cha kugongea, akasema atakiweka kwake. Sikubishana naye, na mimi hubishana na kila mtu.

Akabaki Mama Chepkirui na ndoo yake. Alichungulia ndani, akaona viti na ubao.

"Chepkirui yuko shule, mwalimu. Siku hizi wanasoma hata Jumamosi."

"Ni vizuri."

Akayamwagia maua ya mlangoni maji yake, maana hakuona haja ya kurudi nayo.

"Lakini umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mama."

Sikuwa nimekula. Alinitazama, akachukua ndoo yake akaenda. Nikaingia ndani, nikafanya zile hesabu zote mwenyewe, kisha nikafuta ubao.